Gumzo la Wanijeria Mitandaoni: Kicheko Kinachobeba na Kicheko Kinachomeza

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuitafuta kazi yao penye moto wa jioni, jandoni, msibani na katika kilinge cha mganga. Ni wachache wanaoitafuta mahali ambapo vijana wa Lagos, Ibadan, Enugu na Kano hukutana kila siku pasipo kuonana, yaani katika mitandao ya kijamii, na hasa katika ule uliojulikana kwa jina la Twitter hadi Julai 2023 ulipoitwa X. Huko maneno hayakomi. Asubuhi watu hubishana juu ya albamu mpya ya mwanamuziki, mchana juu ya bei ya petroli, jioni juu ya mshiriki aliyetolewa katika kipindi cha televisheni cha Big Brother Naija, na usiku juu ya hotuba ya rais. Mara nyingi mambo hayo manne hukutana katika sentensi moja.

Gumzo hilo limepokelewa kwa namna mbili. Wako wanaoliona kuwa porojo za watu wasio na shughuli, kelele isiyostahili hata kuandikwa. Wako pia wanaolisifu kuwa bunge jipya la wananchi, ambamo kila mwenye simu ni mjumbe. Makala haya hayaandamani na upande wowote kati ya hizo mbili. Yanalichukua gumzo kuwa sanaa ya maneno yenye asili yake, fani yake na hadhira yake. Na kwa kuwa ni sanaa, inapasa ihakikiwe, iulizwe ipi ni nzuri, ipi ni mbovu, na kwa kipimo gani.

Kipimo kinachopendekezwa hapa ni kimoja. Kicheko cha Wanijeria kina nguvu pale kinapolibeba jambo lililokizaa na kulifikisha mbali. Kinaleta hasara pale kinapolimeza jambo lenyewe, hata watu wakabaki wanacheka huku wamesahau kilichowachekesha. Mifano itakayotolewa ni ya miaka ya 2014 hadi 2024, lakini haifahamiki vizuri bila kutazama kwanza gumzo hilo limetoka wapi.

2. Asili: kutoka sokoni hadi kwenye simu

Kuchanganya burudani na siasa hakukuanza na simu. Tangu miaka ya 1940 hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1967-1970, katika soko kubwa la Onitsha, kando ya mto Niger, viliuzwa vijitabu vyembamba vya bei nafuu vilivyochapishwa katika mitambo midogo ya mji huo. Waandishi wake walikuwa walimu wa shule za msingi, makarani, wanafunzi na wachuuzi. Kijitabu kimoja kilifundisha namna ya kumwandikia mchumba barua, kingine kilionya juu ya wanawake wapenda fedha, kingine kilikuwa mchezo wa kuigiza kuhusu kiongozi wa nchi. Thomas Iguh, mmoja wa waandishi hao, alitunga mchezo juu ya siku za mwisho za Lumumba na mwingine juu ya Tshombe. Kwa msomaji wa Lubumbashi jambo hili lina uzito wa pekee: kifo kilichotokea Katanga tarehe 17 Januari 1961 kiligeuzwa mchezo katika soko la Onitsha, nao ukauzwa meza moja na mashauri ya mapenzi. Mnunuzi wa Onitsha hakuona ajabu yoyote. Kwake yeye mapenzi, fedha na utawala vilikuwa habari za ulimwengu mmoja.

Chanzo cha pili ni ukumbi wa Fela Anikulapo-Kuti (1938-1997). Katika ukumbi wake wa Afrika Shrine mjini Lagos, Fela alikuwa akisimamisha muziki na kuanza kusema na watu: akiwataja wakubwa, akiwadhihaki, akijibiwa na hadhira, naye akijibu tena. Mazungumzo hayo yaliitwa kwa Kipijini yabis, yaani kumsema mtu kwa mzaha mkali mbele ya kadamnasi. Aliyetajwa alitakiwa acheke au ajibu. Kukasirika kulihesabiwa kuwa kushindwa. Dola haikukubali sharti hilo. Baada ya wimbo Zombie wa 1976, ulioyadhihaki majeshi, askari waliivamia nyumba ya Fela tarehe 18 Februari 1977, wakaichoma moto na kumtupa mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, kutoka dirishani. Mama huyo, aliyekuwa mpiganiaji mashuhuri wa haki za wanawake, alifariki mwaka uliofuata.

Chanzo cha tatu ni meza ya muuza magazeti. Katika miji ya Nijeria watu husimama asubuhi mbele ya meza hiyo, wakasoma vichwa vya habari pasipo kununua gazeti, kisha wakaanza kubishana. Wenyewe hujiita kwa mzaha chama cha wasomaji wa bure. Wakongomani hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo, kwa maana Kinshasa ya miaka ya 1990 ilikuwa na wabunge wake wa kusimama, waliojadili mambo ya taifa kandokando ya barabara penye magazeti yaliyotandikwa chini.

Ukizitazama asili hizo tatu kwa pamoja, mtandao hauonekani tena kuwa kitu kigeni. Kutoka Onitsha umerithi mchanganyiko wa mada. Kutoka Shrine, dhihaka inayodai kujibiwa. Kutoka kwa wasomaji wa bure, haki ya mtu yeyote kuingia katika mabishano bila kuulizwa cheo chake. Kilichobadilika ni ukubwa wa hadhira na wepesi wa jibu. Aliyecheka mbele ya meza ya magazeti alikwenda zake, na kicheko chake kikaishia palepale. Aliyecheka mtandaoni huacha maandishi, na maandishi huweza kusomwa na polisi.

3. Fani

Jambo la kwanza la fani ni lugha. Kiingereza ndicho lugha rasmi ya Nijeria, nchi yenye lugha zaidi ya 500, lakini gumzo haliendeshwi kwa Kiingereza cha shuleni. Huendeshwa kwa Kipijini kilichotiwa maneno ya Kiyoruba, Kiigbo na Kihausa, kila neno likichaguliwa kwa ladha yake. Ken Saro-Wiwa aliionyesha njia hiyo mapema katika riwaya yake Sozaboy ya 1985, ambayo yeye mwenyewe aliiita riwaya ya Kiingereza kilichooza. Shirika la BBC lilipoanzisha idhaa ya habari kwa Kipijini mwaka 2017, lilikuwa likiifuata hadhira iliyokwisha kuandika lugha hiyo kwa miaka mingi bila kamusi wala mwalimu.

Katika lugha hiyo neno moja la Kiyoruba laweza kubeba hali ya kizazi kizima. Japa, lenye maana ya kutoroka, limekuwa jina la kuihama nchi kwenda Uingereza, Canada au kwingineko. Sapa ni ufukara wa ghafla, nao husemwa kana kwamba ni mtu: sapa amembisha fulani hodi, sapa amemkaba fulani koo. Hii ni tashihisi ya kale, ile iliyoipa njaa miguu na mauti mikono katika hadithi za mababu. Hata hivyo inafanya kazi mpya. Kijana asiyeweza kusema hadharani kwamba hana chakula anaweza kusema kwamba sapa amemtembelea. Watu watacheka, na katika kucheka huko watajua.

Jambo la pili ni lakabu. Bola Tinubu alipoapishwa kuwa rais tarehe 29 Mei 2023, alitangaza katika hotuba yake kwamba ruzuku ya petroli imekwisha. Katika siku chache bei ya lita moja ilipita naira 500, na kufikia Oktoba 2024 ilikuwa imepita naira 1,000 mjini Abuja. Watu wakampa rais jina la T-Pain, ambalo ni la mwimbaji wa Kimarekani: herufi ya kwanza ni ya Tinubu, na neno la pili ni la Kiingereza lenye maana ya maumivu. Mwimbaji mwenyewe alianza kupokea malalamiko ya watu asiowajua kuhusu bei ya mafuta katika nchi isiyo yake. Lakabu hiyo ni mfano mzuri wa fani inayojadiliwa hapa. Haina tusi ndani yake. Haiwezi kufahamika bila kuujua muziki, wala haiwezi kuchekesha bila kuijua bei.

Lakabu nyingine zilitoka katika vinywa vya wakubwa wenyewe. Mwezi Machi 2021 Tinubu alishauri vijana milioni 50 waandikishwe jeshini na kulishwa mihogo na mahindi, nayo mahindi akayataja kwa Kiyoruba: agbado. Tarehe 2 Juni 2022, akiwa Abeokuta, alisema Emi lo kan, yaani zamu ni yangu. Maneno hayo mawili hayakumwacha tena. Wapinzani wake waliyatumia kumcheka, na wafuasi wake waliyachukua wakajivunia. Katika malumbano ya kishairi, anayelidaka neno la mpinzani na kulifanya lake huhesabiwa kuwa bingwa. Mtandaoni pande zote mbili zilizijua kanuni hizo, ingawa hakuna aliyewafundisha.

Jambo la tatu ni makundi. Mashabiki wa Wizkid hujiita Wizkid FC, kwa mfano wa timu ya mpira. Wa Davido hujiita 30BG. Wa Burna Boy hujiita Outsiders. Kila kundi hulinda jina la bwana wake, huhesabu tuzo zake na kumtafutia mpinzani aibu za zamani. Wakati wa kampeni za 2022 na 2023, mbinu hizohizo zilihamia katika siasa. Wafuasi wa Peter Obi walijiita Obidient, jina lililoundwa kwa kuliunganisha jina la Obi na neno la Kiingereza lenye maana ya mtiifu. Waliojifunza ushabiki katika muziki walikuja na bidii yake, na pia na upofu wake: shabiki haulizi kama bwana wake amekosea, huuliza nani amemsema.

Jambo la nne ni picha. Nyuso za waigizaji wa Nollywood, hasa Osita Iheme katika filamu Aki na Ukwa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, zimekatwa kutoka kwenye filamu na kupewa maneno mapya. Uso uliochorwa na hila ya mtoto mtundu sasa hutumika kumweleza waziri anayejibu swali. Ni kazi ileile ya kinyago katika ngoma, ambacho humpa mchezaji ruhusa ya kusema asiyoweza kuyasema kwa uso wake.

4. Kicheko kinachobeba

Tarehe 18 Aprili 2018, akiwa London katika mkutano wa wafanyabiashara wa Jumuiya ya Madola, Muhammadu Buhari, aliyekuwa rais kutoka 2015 hadi 2023, alisema kwamba wengi wa vijana wa nchi yake hawakusoma, nao hudhani kwamba kwa kuwa nchi ina mafuta wanaweza kukaa bure na kupewa nyumba, matibabu na elimu. Siku hiyohiyo mtandao ulijaa picha za vijana waliojitambulisha kuwa wavivu wa Nijeria. Chini ya kila picha palikuwa na orodha: huyu ana shahada na anaendesha teksi usiku, huyu anashona nguo na kufundisha hesabu, huyu hulipia mafuta ya jenereta kuliko anavyolipa kodi ya chumba.

Mbinu iliyotumika ni kejeli ya kulikubali tusi ili livunjike lenyewe. Ubora wake kifasihi uko katika kitu kimoja: kila mzaha ulikuwa na habari ndani yake. Anayeusoma leo anapata kazi, mshahara, saa bila umeme na gharama ya kuishi. Jambo halikupotea katika kicheko. Lilipandishwa juu ya mabega yake.

Miaka miwili na nusu baadaye, mwezi Oktoba 2020, vijana walijaa barabarani wakitaka kikosi cha polisi kiitwacho SARS kivunjwe. Kikosi hicho, kilichoundwa mwaka 1992 ili kupambana na wanyang'anyi wa kutumia silaha, kilikuwa kimeshutumiwa kwa miaka mingi kwa mateso, uporaji na mauaji. Kaulimbiu ya kutaka kivunjwe ilikuwa imezunguka mtandaoni tangu 2017. Katika siku za maandamano likatoka neno la Kiyoruba, soro soke, lenye maana ya paza sauti. Neno la kawaida ambalo mtu humwambia mwenzake asiyesikika katika simu liligeuka amri ya kizazi kizima kwa viongozi wake. Vivyo hivyo, tusi la kale la wazazi kwa mtoto mkaidi, kichwa cha nazi, lilivaliwa na vijana kama beji. Alain Kassanda, mtengenezaji filamu mzaliwa wa Kinshasa, aliliweka tusi hilo katika jina la filamu yake ya 2023, Coconut Head Generation, inayowaonyesha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ibadan wakitazama filamu, wakijadili, na hatimaye wakikutana na maandamano hayo.

Tarehe 11 Oktoba serikali ilitangaza kukivunja kikosi. Maandamano hayakukoma, kwa sababu ahadi kama hiyo ilikwisha kutolewa zaidi ya mara moja. Usiku wa tarehe 20, askari waliwafyatulia risasi waandamanaji penye kituo cha kulipia barabara cha Lekki, mjini Lagos. Aliyeurushia ulimwengu tukio hilo moja kwa moja kwa simu yake alikuwa mwanamuziki, DJ Switch; baadaye alilazimika kuiacha nchi. Jopo la uchunguzi la Jimbo la Lagos, ambalo ripoti yake ilijulikana Novemba 2021, liliona kwamba yaliyotendeka yaweza kuitwa mauaji ya halaiki. Serikali ya shirikisho ilikataa. Kabla mwezi huo wa Oktoba haujaisha, Burna Boy alitoa wimbo wenye tarehe hiyo kwa jina. Hapa mpaka kati ya burudani na siasa ulikuwa umefutika kabisa: ushahidi uliletwa na mpiga muziki, na tarehe ikahifadhiwa na wimbo.

5. Kicheko kinachomeza

Kama mifano ingeishia hapo, sifa peke yake ingetosha. Uko mfano wa pili unaotaka kukumbukwa kwa uchungu zaidi.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 2014, wasichana 276 walitekwa na Boko Haram katika shule yao ya Chibok, kaskazini-mashariki ya Nijeria. Mwanzoni mwa Mei, mke wa rais wa wakati huo, Patience Jonathan, aliita mkutano mjini Abuja mbele ya kamera za televisheni. Alipoona kwamba mkuu wa shule amekuja bila wenzake, alimwuliza kwa Kipijini, Na only you waka come?, yaani, ni wewe peke yako uliyekuja? Kisha akalia, akimwita Mungu kwa matamshi ambayo hayakusahaulika. Kabla ya siku chache kupita, kilio hicho kilikuwa kimetiwa mdundo na kuchezwa kama wimbo. Maneno yake yaliandikwa kwenye fulana, yakawa mlio wa simu, yakaingia katika vichekesho vya jukwaani.

Kifani, kazi hiyo haikuwa mbaya. Aliyeitunga alikuwa na sikio zuri la mahadhi ya sauti, na dhihaka kwa mke wa rais anayelia kwa kamera huku serikali ya mumewe ikichelewa kutenda ilikuwa dhihaka ya haki. Kasoro iko kwingine. Kichekesho kilijitosheleza. Mtu aliweza kukisikia, kukicheka na kukirudia mara mia pasipo kukumbushwa kwamba mkutano ule uliitishwa kwa sababu ya watoto. Kilipokatwa na kutiwa mdundo, wasichana walibaki nje ya mkato. Miaka mingi baadaye bado kulikuwa na watu waliolijua swali la Na only you waka come bila kulijua jina la Chibok.

Yafaa kukilinganisha kichekesho hicho na kaulimbiu iliyozaliwa majuma hayohayo, #BringBackOurGirls, iliyotokana na maneno ya Oby Ezekwesili, waziri wa zamani wa elimu. Kaulimbiu hiyo haikuchekesha mtu. Iliwataja wasichana kila ilipotamkwa, na wenye kuishika waliendelea kukaa penye chemchemi ya Unity mjini Abuja wakati ulimwengu ulipokwisha kuchoka. Mwaka 2024, miaka 10 baada ya utekaji, wasichana zaidi ya 80 walikuwa bado hawajulikani walipo. Kichekesho kiliishi muda mrefu, na kaulimbiu pia. Moja peke yake ndiyo iliyoendelea kuuliza swali.

Haifuati kwamba penye msiba pasichekwe. Wanijeria wamecheka mbele ya misiba mingi, na kicheko hicho kimewasaidia kusimama. Linalofuata ni kwamba mhakiki aulize, kwa kila mzaha, kilichoachwa nje ya mkato ni kitu gani.

6. Utani usio na mlinzi

Msomaji wa Kiswahili huenda akaliita gumzo hili utani. Kufanana kupo, lakini tofauti ndiyo yenye kufundisha. Utani una mipaka inayojulikana: babu na wajukuu, mashemeji, makabila fulani na fulani. Ndani ya mipaka hiyo mtu aweza kumtukana mwenzake hata msibani, naye mwenzake hana ruhusa ya kukasirika, kwa sababu mila imewalinda wote wawili. Yabis ya mtandaoni haina mlinzi huyo. Kijana wa Surulere hana utani na rais. Anamtania kana kwamba anao, na hapo ndipo ujasiri wake ulipo na hatari yake pia.

Mwaka 1984 Buhari, aliyekuwa mkuu wa serikali ya kijeshi, alitoa Amri Na. 4 iliyowaadhibu waandishi waliowaaibisha maofisa wa serikali. Waandishi wawili wa gazeti la The Guardian la Lagos walifungwa. Miaka 37 baadaye mtu yuleyule alikuwa rais aliyechaguliwa. Tarehe 2 Juni 2021 Twitter iliuondoa ujumbe wake uliokumbusha vita vya 1967-1970 na kuwatishia wakorofi wa kusini-mashariki. Siku mbili baadaye serikali ilitangaza kuusimamisha mtandao huo nchini, na tangazo lenyewe likatolewa katika Twitter. Watu walicheka, wakatafuta programu za kuwawezesha kuingia kwa njia ya nchi nyingine, wakaendelea. Mwanasheria mkuu wa serikali aliagiza wavunjaji washtakiwe. Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya miezi 7, hadi tarehe 13 Januari 2022, na Julai mwaka huo Mahakama ya jumuiya ya ECOWAS iliamua kwamba ilikuwa kinyume cha sheria.

Marufuku za aina hiyo huonekana na ulimwengu wote. Kinachoonekana kwa shida ni sheria ya makosa ya mtandao ya 2015, ambayo kifungu chake cha 24 kimetumika mara kwa mara kuwakamata waandishi na wakosoaji. Kifungu hicho kilirekebishwa mwaka 2024, lakini hofu haikwisha. Kwa hiyo anayeandika mzaha juu ya gavana wa jimbo lake hupima maneno, naye hujikinga kwa lakabu, kwa picha ya Nollywood, kwa neno la Kiyoruba. Sehemu kubwa ya ufundi uliosifiwa katika sura ya fani imetokana na hofu hiyo, kama vile mafumbo ya washairi wa kale yalivyotokana na kuwaogopa masultani.

7. Mipaka ya gumzo

Kabla ya uchaguzi wa rais wa tarehe 25 Februari 2023, wapinzani wa Obi walisema kwamba wafuasi wake ni watu wachache waliojifungia chumbani na simu. Matokeo rasmi yalimpa Tinubu kura 8,794,726, Atiku Abubakar 6,984,520 na Obi 6,101,533. Chumba kilikuwa kikubwa kuliko walivyodhani, hata jimbo la Lagos lenyewe likamwendea Obi. Lakini waliokuwa wameshawishika na gumzo kwamba ushindi umekwisha kupatikana walikosea nao. Waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 93, na waliopiga kura hawakufikia theluthi moja yao. Mwanamke auzaye nyanya katika soko la kijiji cha Sokoto, asiye na fedha za kununua muda wa intaneti, hakuwa amesema neno katika mabishano hayo yote.

Watu hupenda kulinganisha idadi hizo na mamia ya milioni ya kura zinazopigwa katika Big Brother Naija, kisha wakalia kwamba vijana wanajali burudani kuliko nchi yao. Mlinganisho huo ni dhaifu, maana katika kipindi hicho mtu mmoja huweza kupiga kura nyingi, akiwa kitandani, bila kupanga foleni wala kuogopa wahuni. Unachofundisha ni kwamba watu hupiga kura kwa wingi pale wanapoamini kwamba kura itahesabiwa.

Lipo pia jambo baya zaidi. Baada ya Obi kuishinda Lagos, na kuelekea uchaguzi wa gavana wa tarehe 18 Machi 2023, mzaha kati ya Wayoruba na Waigbo, ambao kwa kawaida ulihusu chakula, mahari na filamu, uligeuka chuki. Watu walitishwa vituoni kwa sababu ya sura au jina. Hata msemaji mmoja wa kampeni ya rais mteule aliandika hadharani kwamba Waigbo wasiingilie tena siasa za Lagos. Maneno yaleyale yaliyokuwa yakichekesha juma moja kabla yalikuwa sasa yanaonyesha nyumba ya nani ipigwe mawe. Utani wa kweli una mila ya kuuzuia kabla haujafika hapo, gumzo halina.

Na penye haki, umati huo una pupa. Mwimbaji Mohbad alipofariki tarehe 12 Septemba 2023, akiwa na umri wa miaka 27, kelele za mtandaoni zililazimisha maiti yake ifukuliwe na uchunguzi ufunguliwe, jambo ambalo familia maskini isingelipata kwa barua. Wakati huohuo umati ulikwisha kutoa hukumu, ukawataja wauaji na kuwafukuza nyimbo zao redioni, kabla daktari hajasema neno.

8. Hitimisho

Gumzo la Wanijeria, basi, si porojo wala si bunge. Ni sanaa ya dhihaka yenye ukoo mrefu, inayotendwa bila ulinzi wa mila na chini ya jicho la sheria. Uzuri wake haupimwi kwa wingi wa waliocheka. Mizaha ya wavivu wa 2018 na lakabu ya T-Pain ni kazi bora kwa sababu haziwezi kurudiwa bila kurudia jambo lenyewe: kazi, mshahara, bei. Wimbo wa kilio cha 2014 ni kazi pungufu, ijapokuwa uliwachekesha wengi, kwa sababu uliwaacha wasichana 276 nje.

Kwa wanafunzi wa fasihi lipo hapa jukumu lisiloweza kungoja. Vijitabu vya Onitsha vinajulikana leo kwa kuwa watu wachache walivikusanya kabla vita havijaliangamiza soko, na baadhi ya maktaba za vyuo vikuu zikavihifadhi. Maneno ya mtandaoni hupotea upesi kuliko karatasi: mwenyewe huyafuta kwa hofu, kampuni huyafuta kwa kanuni zake, serikali huufunga mlango. Anayeyakusanya asikusanye mzaha peke yake. Auandike pamoja na tarehe, mji, jina la aliyesemwa na bei ya lita moja ya petroli siku hiyo. La sivyo, msomaji wa kesho atakuta T-Pain katika karatasi zake, naye atadhani Wanijeria walikuwa wakizungumza juu ya mwimbaji wa Marekani.